Nguo ya Kipimo

Nilikuwa natafuta kifutio. Kila siku saa tisa alasiri nafundisha hesabu watoto wa mtaa wetu hapa nyumbani, na kila siku saa tisa alasiri kifutio hakionekani. Siku ile wanafunzi wangu kumi na mmoja walikuwa wameshakaa mkekani, mmoja kakosea kugawanya na analia. Mwanangu Rayyan alikuwa keshavunja penseli mbili, na Zoha, kitinda mimba wangu wa miaka miwili, ananyonya pindo la mtandio wangu. Nikafungua mkoba wa shule wa Areeba, binti yangu wa kwanza, kwa sababu yeye ndiye mtu pekee katika nyumba hii ambaye vitu vyake hukaa mahali pake.

Kifutio sikukiona. Niliona barua.

Ilitoka shuleni kwake. Alhamisi ya wiki ijayo kutakuwa na hafla ya zawadi ya darasa la tano, akina mama wote wanaalikwa, na Areeba Tanvir atapokea zawadi ya hesabu. Ya hesabu! Nusura nirukeruke mbele ya watoto wa watu. Kisha nikasoma kipande cha chini, kile cha kukata na kurudisha Jumatano kikiwa na sahihi ya mzazi. Palipoandikwa "jina la atakayehudhuria", binti yangu alikuwa amejaza kwa penseli, kwa ule mwandiko wake ulionyooka: Sumbal. Na palipoandikwa "uhusiano": shangazi.

Nilisoma mara tatu, maana hesabu hukaguliwa kabla ya kulia. Jibu halikubadilika. Nikairudisha barua mkobani vilevile ilivyokuwa, nikamwendea yule mtoto anayelia, na mpaka leo sijui nilimfundisha nini.

Niliumia. Sina haja ya kuzunguka. Niliyemfundisha mtoto yule kuhesabu ni mimi, kwa dengu, jikoni, kabla hajajua kufunga viatu, na siku yake ya zawadi amemchagua mtu mwingine wa kukaa kwenye kiti changu.

Sumbal ni wifi yangu, mdogo wake Tanvir mume wangu. Anaishi nasi, na asubuhi huenda chuo cha ualimu. Anatoka mlango uleule ninaotoka mimi, anapita kwenye vumbi lilelile la mji wetu wa Faisalabad, na anafika aendako safi, mtandio haujasogea hata kidole. Jioni ile nilimkuta jikoni.

"Wifi," nikamwambia, "Alhamisi ijayo una safari?"

Mwiko ukasimama kwenye dengu. "Kakwambia?"

"Kaniambia mkoba wake."

"Mungu shahidi, wifi, nilikataa. Alilia mpaka kwikwi. Kaniapisha nisikwambie."

"Sababu?"

"Wifi, achana nayo."

"Sumbal!"

"Nguo," akasema, akiiambia sufuria. "Kasema nguo zako."

Nilikwenda kwenye kioo cha kabati, kile ambacho kwa kawaida nakipita mbio. Nikatazama kweli. Mshono wa bega ulikuwa umeshuka mpaka nusu ya mkono. Makwapa yalikuwa karibu na kiuno, na kiuno chenyewe hakikujulikana kiko wapi. Kifungo kimoja kilikuwa pini. Begani palikuwa na mtindi wa Zoha wa asubuhi, na chini yake, ukiangalia vizuri, mtindi wa jana. Ndani ya kamizi ile tungeenea mimi na mwanafunzi mmoja na daftari lake.

Si kwamba nilikuwa sijui kabisa. Mwanamke anajua. Ila naamka saa kumi na moja alfajiri, nakanda, nachoma chapati tisa, najaza vyombo vitatu vya chakula, natafuta soksi, nafunga vishikizo vya watu wengine, na ikifika zamu yangu navaa iliyo juu kabisa kwenye kiti. Tuna kiti cha nguo chumbani. Hakuna aliyekikalia tangu tuoane. Na kuhusu ule upana, nilikuwa nimeshakubali kwamba ndivyo nilivyo siku hizi: watoto watatu, mwili umekwenda, nguo zimeufuata.

Mume wangu anakagua vitambaa kiwandani. Uzi mmoja ukienda upande kwenye jora zima, yeye anauona akiwa amesimama mlangoni. Usiku ule nilisimama mbele yake.

"Baba Areeba, nguo hii ikoje?"

"Umependeza," akasema, macho kwenye simu.

"Nimevaa gunia la mchele."

"Rangi imekukubali."

Mganga hajigangi, walisema. Nikamwacha na simu yake.

Aliyenishika mkono ni Sumbal. Nadhani dhamiri ilikuwa inamsuta. Jumapili kabla umeme haujakatwa alinisimamisha kwenye pasi, tukanyoosha seti tatu kwa mpigo, kamizi na suruali yake ya shalwari na mtandio wake, kila seti kwenye hanga moja, tukaning'iniza kabatini. Kiti tukakitoa chumbani kabisa. Pini akaichomoa, akashona kifungo. Mtandio wa kutokea akautundika nyuma ya mlango, juu, Zoha asipofika.

"Huu huvai ndani," akasema. "Unauvaa mkono mmoja ukiwa kwenye kitasa."

"Na ule wa ndani?"

"Wa ndani ni wa mtindi, mwachie mwenyewe. Na ukiwa na dakika tano tu, wifi, anzia juu. Nywele, shingo, bega. Macho ya watu wengi hayafiki miguuni."

"Na hizi kamizi pana?"

Akazitazama zimening'inia pale, safi, zimenyooka, pana vilevile. "Hizo sijui," akasema. "Hizo mwulize fundi wako."

Lakini ya fundi nilikuwa nimeshaanza mwenyewe. Siku ya pili tu baada ya kuiona ile barua nilifungua peti, sanduku letu la bati, nikatoa kitambaa alichoniletea kaka yangu siku ya Idi, pamba nyepesi ya rangi ya feruzi, pindo lake limetariziwa. Nilikuwa nakiwekea siku maalumu. Nikaona kama siku hii si maalumu, basi hiyo maalumu haiji tena, nikakipeleka kwa Fundi Nazir.

Fundi Nazir ana kibanda kwenye uchochoro nyuma ya soko la Chiniot: cherehani mbili, msururu wa misumari ukutani, na benchi la wateja. Ni mtu wa dini na haya nyingi. Miaka yote hii hajawahi kuniinulia macho. Huzungumza na kitambaa. Na kwetu fundi mwanamume hamzungushii mwanamke futi kamba. Unampelekea nguo yako moja inayokukaa, naye anashona kwa kuifuata hiyo. Ndiyo nguo ya kipimo. Yangu nilikuwa nimeshamwachia zamani, iko kwenye mfuko, kwenye msumari wa tatu, kwa hiyo kazi yangu mimi ni kuleta kitambaa tu.

"Kipimo kilekile, dada?" alikiuliza kitambaa.

"Kilekile, fundi. Ila safari hii nataka inikae."

"Zangu zote zinakaa," akasema, bila majivuno.

Jumatatu niliifuata. Nikaivaa chumbani, mlango umefungwa, Sumbal ameshikilia kioo kidogo nyuma yangu. Rangi ilikuwa nzuri ajabu. Tarizi ilikuwa nzuri. Zoha akainua pindo, akaingia ndani, akakaa humo akicheka, na kwa nje hata hakuonekana.

Sumbal alijiziba mdomo. Mimi nilijikalia kitandani nikalia, kilio cha kweli, cha kupenga kamasi.

"Nenda wewe, wifi," nikamwambia. "Nakwambia kwa moyo mmoja. Siku hii ni yake. Na awe na mtu wa kujivunia."

"Siendi."

"Nenda, Sumbal."

"Nikienda Alhamisi, mwakani nitakwenda tena. Mwaka wa tatu itakuwa desturi. Siku ya arusi yake nikae mimi kwenye kiti cha mama, wewe uwe unakaanga sambusa?"

Hilo la sambusa ndilo lililonikausha machozi. Nilisikia hasira ikipanda kutoka miguuni, na hasira yote ikaelekea uchochoroni nyuma ya soko la Chiniot. Jumanne asubuhi, watoto walipokwenda shule, nilimbeba Zoha kiunoni, gunia la feruzi kwapani, Sumbal nyuma yangu akisema, "Wifi, polepole, ni mtu mzima yule."

"Fundi," nikasema kabla ya salamu, Mungu anisamehe, "hii umemshonea nani?"

Fundi Nazir akakitazama kitambaa. "Hii ni yako, dada."

"Mimi nimekuletea kitambaa, wewe umenirudishia hema."

Wanawake wawili waliokuwa kwenye benchi wakaacha kutafuna njugu. Mmoja akasogea asikie vizuri.

"Dada." Fundi akauweka mkasi chini. "Miaka thelathini na mmoja niko kwenye kiti hiki. Nimerudishiwa nguo kwa rangi. Nimerudishiwa kwa kuchelewa, hilo nalikiri. Kwa kipimo, hajawahi kunirudishia mtu."

"Basi leo umempata."

Akainuka. Masikio yalikuwa yamemwiva. Akauondoa mfuko kwenye msumari wa tatu, akaupiga vumbi, akatoa nguo yangu ya kipimo na kuitandaza mezani. Juu yake akatandaza ile ya feruzi, bega kwa bega. Akavuta futi kamba kutoka shingoni, akaanza kusoma kwa sauti, na mtu anayesema kweli huwa na sauti yake.

"Bega, inchi kumi na saba. Na hili, kumi na saba. Kifua, nguo ikiwa imelala, ishirini na sita. Ishirini na sita. Pindo, thelathini na moja. Thelathini na moja! Nitafutie tofauti, dada. Nitafutie nusu inchi!"

Nikainama kuitafuta. Nafundisha vipimo mimi, mara tatu kwa wiki. Nikakagua bega, nikakagua kwapa, sikupata kosa. Ndipo macho yangu, kwa kukosa pa kwenda, yakaiangalia nguo yenyewe ya kipimo.

Ilikuwa ya rangi ya kahawia, maua meupe madogo. Ubavuni, kushoto na kulia, ilikuwa na vipande vya pembetatu vya kahawia nyingine kidogo, vya kuongezea. Nilivijua vile vipande. Nilivitaka mwenyewe, mwezi wa Juni, joto la kuulia, miguu imevimba haiingii kwenye kandambili, nimesimama palepale nikimwambia fundi: ongeza, ongeza tena, nataka hewa ipite.

"Fundi," nikasema polepole, "nguo hii nilikuletea lini?"

"Siku nyingi, dada. Ulisema hii ndiyo inayokukaa vizuri kuliko zote."

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema, 'Fundi, hii ndiyo pekee ninayopumua ndani yake.' Nikaitundika."

"Fundi, nilikuwa na mimba ya miezi minane!"

Cherehani ya jirani ilikuwa inalia, nayo ikanyamaza. Kisha yule mwanamke aliyesogea akauliza, "Na mtoto mwenyewe kazaliwa, au bado yumo?"

"Ana miaka saba," Sumbal akajibu, sauti imeshaanza kumkatika. "Amevunja penseli mbili wiki iliyopita."

Hapo benchi zima likaangua kicheko. Sumbal alishika ukuta. Mimi nilicheka mpaka ikabidi nimkabidhi Zoha kwa mtu nisiyemjua. Miaka saba! Kamizi ngapi hizo? Tulijaribu kuzihesabu, tukafika ishirini na mbili tukaacha. Zote nilizoziona kwenye kioo nikasema basi, Tehmina, ndiyo wewe huyo, zilikuwa za Tehmina wa Juni ile, na Rayyan ndani yake. Mwili wangu haukuwa umekwenda popote. Nilisikia raha siku ile ambayo siwezi kuieleza.

Fundi Nazir peke yake hakucheka. Alikuwa anaikunja ile ya kahawia taratibu, macho chini.

"Dada, mimi naitazama nguo," akasema. "Mtu simtazami. Ningekutazama ningekuwa nimekosa adabu."

"Najua, fundi. Kosa ni langu. Ilinipasa kukwambia uitundue, nikasahau."

"Lini unaihitaji?"

"Alhamisi asubuhi."

Akavuta pumzi. Akaivua futi kamba shingoni, yake mwenyewe, akampa Sumbal. "Apime mwanamke mwenzake. Bega, kifua, kiuno, nyonga, mkono, urefu. Nataka kipimo cha mtu wa leo. Kifike hapa kabla ya magharibi."

Sasa, aliyepaswa kupima alikuwa Sumbal. Lakini Areeba aliporudi shule, saa nane, akatukuta na futi kamba mkononi, wifi yangu huyu, mwanachuo wa ualimu, akaangalia mikono yake iliyo mikavu kabisa akasema, "Mimi nina unga mikononi. Apime Areeba, ndiye mwenye zawadi ya hesabu." Akaenda jikoni akafunga mlango.

Areeba akabaki amesimama na mkoba mgongoni.

"Nani kasema zawadi?" akauliza.

"Anza na bega," nikamwambia.

Akatua mkoba. Akapanda juu ya kibao ili anifikie, akaweka futi kamba begani kwangu. Vidole vilikuwa vya baridi.

"Umeiona barua."

"Nimeiona."

"Umekasirika?"

"Niliumia. Bega ngapi?"

"Kumi na nne."

"Andika."

Akaandika. Akarudi. Akapima mkono, kisha akasema, nyuma yangu nisipomwona uso, "Si nguo tu, Mama."

"Basi ni nini?"

"Ile siku ya maonyesho ya sayansi. Mama yake Mahnoor alikuuliza mwezi wa ngapi."

Nilikumbuka. Mahnoor anasoma naye, na mama yake ni yule mwenye miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Alinishika tumbo la kamizi mbele ya volkano za karatasi akasema mashallah, mwezi wa ngapi? Watu wamejaa. Niliona nikimwambia sina mimba ataona haya mbele za watu, mwanamke wa watu. Kwa hiyo nikatabasamu.

"Nilimwambia, 'Tuombee dua,'" nikasema.

"Ulimwambia tuombee dua! Na yeye akaomba! Tangu Novemba, Mama. Kila wiki Mahnoor ananiuliza, mtoto wenu kazaliwa? Nasema bado. Mwalimu naye ananiuliza, mama anaendeleaje? Nasema anaendelea. Sasa ni Aprili. Ungekuja Alhamisi bado vilevile, wangesema mama yako ni tembo."

Nikajitahidi. Kwa kweli nilijitahidi. Lakini neno tembo lilinishinda, nikacheka, na yeye, aliyekuwa analia, akaanza kucheka na kulia pamoja na kunipiga begani kwa futi kamba.

"Usicheke! Nilikuwa naona haya!"

"Kwa nini hukuniambia, Areeba?"

"Ungehuzunika."

"Kwa hiyo ukanificha, nisione haya." Nikamgeukia. "Huu ujinga umeurithi kwangu mimi. Mimi nilimwogopea mama wa Mahnoor, wewe umeniogopea mimi, fundi anaogopa hata kunitazama. Tumeheshimiana mpaka nimevaa gunia miaka saba."

Nikamweleza habari ya nguo ya kipimo. Akakaa chini kwenye kibao akashika tumbo. Alipotulia alisema, "Nisamehe, Mama," akasema vizuri, akiniangalia, na mimi nikamwambia nimekusamehe, na mimi nisamehe kwa tembo. Nikamwahidi kwamba mtu akiniuliza kitu tena nitamjibu ukweli.

"Bado kiuno," akasema, akifuta uso kwa mkono wa sare.

Akanizungushia futi kamba. Akasoma. Akalegeza, akazungusha tena, maana nimemfundisha kukagua.

"Mama, kumbe una kiuno!"

"Nilikuwa nacho siku zote. Kilikuwa kimepanga nyumba kubwa."

Sumbal alipeleka vipimo kabla ya magharibi. Jumatano alfajiri fundi akapiga simu: umeme kwao umekatika tangu jana usiku, mashine kubwa imelala, anatafuta ile kuukuu ya kukanyaga kwa mguu lakini hawezi kuahidi asilolijua. Nilichoma chapati zangu tisa. Kamizi ya kahawia nilikuwa nimeomba nirudishiwe, na nimeshaikata vipande vinne. Kimoja kinafutia ubao mpaka leo, na tangu siku ile wanafunzi wangu hawajakosa cha kufutia.

Areeba alikuwa mlangoni, viatu vimefungwa, barua mkononi. Baba yake alikuwa amekwisha kutia sahihi bila kusoma.

"Mama, una kifutio cha penseli?"

"Cha nini?"

"Nipe tu."

Nilikuwa nimenunua vitatu. Nikampa kimoja. Akauegemeza ule ukurasa kwenye mlango, akafuta, akapuliza vumbi, akaandika. Niliona bega lake likisogea na mwandiko. Sikuhitaji kukagua.

"Na fundi asipowahi?" nikamwuliza.

Akafikiri. Alifikiri kweli, nilimwona akiliona lile gunia la feruzi na kina mama wa miwani.

"Njoo nalo hivyohivyo," akasema. "Ila usimwambie mtu akuombee dua."

Akakimbilia gari la shule. Mimi nikakaa kwenye ngazi pale mlangoni, na chapati moja ikaungua, nikaiacha iungue.

Fundi Nazir aliwahi. Alileta mwenyewe, Jumatano baada ya sala ya isha, akasimama nje ya mlango akiitazama mikono yake, akasema mashine ya mguu imemkumbusha ujana, akaondoka kabla sijamshukuru vya kutosha. Asubuhi ya Alhamisi nilianzia juu kama nilivyofundishwa. Nywele, shingo. Bega likakaa begani. Kiuno kikaonekana kidogo, kwa heshima, na pindo likaishia chini ya goti ambapo tarizi inaonekana. Zoha alishikiliwa na watu wawili. Mkono kwenye kitasa, nikachukua mtandio nyuma ya mlango.

Tanvir aliinua uso kutoka kwenye simu. Sikuwa nimemwuliza kitu. Akaiweka simu mezani.

"Ah," akasema.

Sumbal akanipiga kikumbo. Ile "ah" nimeihifadhi.

Ukumbi wa shule ulikuwa umejaa, feni zinazunguka, watoto wa sare wamepangwa ukutani. Areeba alipoitwa nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Alishuka jukwaani na zawadi yake, kasha la kamusi na cheti, akaja moja kwa moja nilipokaa, na kabla hajafika akafika mama yake Mahnoor na miwani yake. Alinitazama juu mpaka chini. Macho yakarudi kiunoni, yakasimama hapo.

"Mashallah!" Sauti yake ilifika safu ya nyuma. "Hongera sana! Na mwili umerudi upesi hivi! Haya tuambie, umepata nini? Wa kike au wa kiume?"

Safu nzima ikageuka. Mwalimu wa darasa naye akageuka, uso umejaa furaha. Nilikuwa nimeahidi ukweli, na ukweli huo niliutafuta wapi uanzie: Juni, joto, vipande vya pembetatu. Nikafungua mdomo.

"Wa kike, anti," akasema Areeba, akipenya katikati yetu na kamusi yake. "Ndiye mimi."

Akanipa cheti nimshikie, akakaa kwenye kiti cha pembeni yangu.